Sura ya Nne: Chombo cha Nani, Habari ya Nani

Imani ya umma kwa vyombo vya habari hupimwa kwa swali moja: je, mtu yuko tayari kuamua jambo lake kwa kutegemea alichosikia, bila kwenda kuhakikisha mwenyewe? Upendeleo wa kisiasa ni jambo jingine. Huo ni tabia ya chombo kuelemea upande mmoja katika kuchagua habari, katika kuipa ukubwa, katika kumpa huyu nafasi ya kusema na kumnyima yule. Mara nyingi mambo haya mawili hutajwa kama kitu kimoja, na hapo ndipo mjadala unapoharibika. Gazeti la chama linaweza kuelemea waziwazi na msomaji asilalamike, kwa sababu anajua analisoma la nani. Redio nyingine inaweza isitangaze neno la uongo mwaka mzima na bado watu wasiitegemee, kwa sababu kila linapotokea jambo zito, yenyewe inapiga muziki.

Kata ya Kurui, wilayani Kisarawe, Mkoa wa Pwani, inaonyesha jinsi mtu anavyoweza kuwa karibu na habari na mbali nazo kwa wakati mmoja. Karibu magazeti yote ya kitaifa huhaririwa na kuchapwa Dar es Salaam, mji unaopakana na wilaya hiyo. Lakini gazeti husafiri na basi, na mabasi makubwa hufuata Barabara ya Morogoro kupitia Kibaha au Barabara ya Kilwa kupitia Mkuranga. Vijiji vya ndani vya Kisarawe haviko kwenye hata moja kati ya hizo. Kwa vijiji vya namna hiyo habari ni redio kwanza, simu ya mkononi baadaye, na watu siku zote: dereva wa bodaboda, mwalimu aliyerudi kutoka likizo, mfanyabiashara wa mkaa aliyelala Gongo la Mboto.

Msikilizaji wa huko hana maabara wala maktaba, lakini ana kipimo. Uzaramo, ambako Kisarawe iko, ni nchi ya mihogo na korosho, na korosho ina bei. Novemba 2018, baada ya wakulima kukataa bei za wafanyabiashara, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali ingenunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuisomba. Tangazo hilo lilirushwa na kila redio. Wakulima wa mikoa ya korosho walilipima kwa njia nyepesi: nani amelipwa, lini, na kiasi gani kimeingia kwenye akaunti. Malipo ya wengi yalipochelewa, habari ya redioni na habari ya chama cha msingi cha ushirika zikaachana, na mkulima hakuhitaji mtaalamu wa kumwambia ashike ipi. Katika habari za siasa kipimo cha aina hiyo hakipo. Kura zimehesabiwaje, nani kakamatwa, rais anaumwa au haumwi: hayo mtu wa kijijini hawezi kuyafuata ghalani akayaona. Hapo ndipo anapolazimika kumwamini mtu, na swali la kwanza analouliza ni hili: huyu anayesema ni wa nani?

Swali hilo lina historia, kwa sababu magazeti ya Kiswahili yalizaliwa yakiwa na mwenyewe. Msimulizi, lililoanza Kiungani, Unguja, mwaka 1888, lilikuwa la wamisionari wa Kianglikana wa UMCA. Kiongozi la Tanga lilitoka chini ya mkono wa serikali ya Wajerumani, na Pwani na Bara lilikuwa la misheni ya Berlin. Wakati wa Vita vya Maji Maji mwaka 1905 habari ya dawa ya maji ilitembea kwa kunong'onezana, wala haikusubiri gazeti. Waingereza nao walianzisha Mambo Leo Januari 1923, gazeti la serikali lililokuwa na hadithi, mashairi na maelekezo ya kilimo, na lililopendwa kwelikweli. Wasomaji walilipenda kwa mashairi yao wenyewe yaliyochapwa humo. Kuhusu kodi na ardhi walijua halingesema la maana. Gazeti la kwanza la Mwafrika katika Tanganyika, Kwetu la Erica Fiah, lilikuja Novemba 1937.

Harakati za uhuru zilileta magazeti yaliyoelemea bila kuona haya. Mwaka 1958 Julius Nyerere alitozwa faini ya shilingi 3,000 kwa makala aliyoandika katika Sauti ya TANU, gazeti la chama chake, kuhusu maofisa wa serikali, na wahariri wa Mwafrika walifungwa kwa uchochezi. Hakuna aliyedhani Sauti ya TANU halikuwa na upande. Liliaminiwa kwa sababu ya upande wake. Baada ya uhuru sheria ya uchochezi haikuzikwa pamoja na ukoloni: Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 iliibeba, na ikampa waziri uwezo wa kufungia gazeti kwa amri yake. Wakati huo gazeti la Standard lilikuwa limetaifishwa Februari 1970, na mwaka 1972 likaunganishwa na The Nationalist la chama kuwa Daily News. Redio ya Tanzania Bara ilikuwa moja tu, Radio Tanzania Dar es Salaam. Ni rahisi leo kuicheka redio hiyo, lakini matangazo yake ya vifo yalifanya kazi ambayo hakuna chombo kingine kingeweza: mtu aliyefariki hospitali ya Muhimbili alijulikana kijijini kwao siku ileile, na ndugu walipanda gari kwa kutegemea sauti hiyo pekee. Watu walijifunza kuamini nusu ya taarifa zake. Walijua habari za msiba ni za kweli, na walijua kwamba habari za mavuno ya kijiji cha ujamaa zinataka tahadhari.

Vyombo binafsi viliruhusiwa kwa mkupuo baada ya vyama vingi kurejea mwaka 1992. Sheria ya utangazaji ilipitishwa 1993, na Radio One na ITV za Reginald Mengi zikaanza mwaka 1994. Baraza la Habari Tanzania liliundwa mwaka 1995 ili wanahabari wajisimamie wenyewe na kusuluhisha malalamiko kabla hayajafika mahakamani. Wengi walitarajia kwamba wingi wa vyombo ungemaliza upendeleo. Kilichotokea ni kwamba kila upande ulipata chake. Uhuru lilibaki la chama tawala, CCM. Tanzania Daima lilikuwa la kampuni ya familia ya Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha upinzani cha Chadema. Mtanzania na Rai yalikuwa chini ya kampuni ya Rostam Aziz, mbunge wa CCM aliyewahi kuwa mweka hazina wa chama hicho. Mwananchi lilikuwa la kundi la Nation la Nairobi. Daily News na Habari Leo yalikuwa ya serikali. Aliyesimama mbele ya kibanda cha magazeti saa moja asubuhi, bila kununua hata moja, aliweza kusoma vichwa vyote kwa pamoja na kuona mkutano mmoja wa hadhara ukiwa wa "maelfu" kwenye ukurasa huu, wa "vurugu" kwenye ule, na haupo kabisa kwenye wa tatu. Kwa njia hiyo wasomaji wa vichwa, ambao wachapishaji huwalalamikia, walikuwa wachambuzi wazuri wa upendeleo kuliko wanunuzi waaminifu wa gazeti moja.

Redio zilipanua kibanda hicho hadi vijijini. Vipindi vya asubuhi vya kusoma magazeti, ambapo mtangazaji hufungua kurasa na kusoma habari kwa mbwembwe na mzaha, vilimfanya mtu aliyeko mbali na barabara kuu awe msomaji wa magazeti kumi. Mwaka 2017 Waziri wa Habari, Harrison Mwakyembe, aliagiza vituo visome vichwa tu na kuacha maelezo ya ndani. Hoja iliyotolewa ilikuwa ya biashara: magazeti yanasomwa redioni na hayanunuliwi. Inawezekana. Matokeo yake lakini yalikuwa kumpunguzia mtu wa kijijini nafasi ya kulinganisha.

Upendeleo wenyewe haupikwi na wahariri peke yao. Sehemu kubwa hutokana na namna habari inavyogharamiwa. Mwandishi wa mkoani kwa kawaida si mwajiriwa; ni mwakilishi anayelipwa kwa kila habari iliyotoka, na malipo hayo mara nyingi hayatoshi nauli ya kwenda na kurudi. Kwa hiyo akitaka kufika kata ya ndani, hupanda gari la msafara wa mkuu wa wilaya, wa mbunge, au wa shirika linalozindua kisima. Gari ndilo linaloamua habari. Litasimama kwenye zahanati mpya, halitasimama kwenye ile isiyo na dawa. Mwishoni hutolewa bahasha, inayoitwa nauli au mshiko, na habari hutoka siku ya pili ikiwa na jina la mgeni rasmi katika sentensi ya kwanza. Wananchi wameona hayo kwa macho yao, na neno kanjanja, la kumtaja mwandishi wa njaa asiye na chombo wala elimu ya kazi hiyo, liko kwenye midomo ya watu wasiojua hata kanuni moja ya uandishi. Juu ya bahasha kuna matangazo ya biashara. Serikali na mashirika yake ni mteja mkubwa wa magazeti, na mteja mkubwa hana haja ya kupiga simu chumba cha habari. Anachelewesha malipo, basi.

Kwa Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, suala ni gumu zaidi kwa kuwa linaendeshwa kwa kodi ya wote. Katika uchaguzi wa 2010, chini ya mkurugenzi mkuu Tido Mhando aliyetoka BBC, TBC ilivipa vyama vya upinzani nafasi ambayo watazamaji hawakuizoea. Mkataba wake haukuongezwa ulipokwisha Desemba mwaka huo. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC ingeacha kurusha Bunge moja kwa moja, kwa maelezo kwamba gharama ni kubwa. Agosti 2020 wapiga kampeni wa Chadema waliwafukuza wafanyakazi wa TBC katika uzinduzi wa kampeni Mbagala, wakidai matangazo yalikatwa. Kumfukuza mwandishi si jibu la kuelemea kwa chombo, na Chadema ilikosolewa kwa hilo. Hata hivyo tukio lile lilionyesha kwamba sehemu ya umma ilikwisha kuihesabu TBC kuwa mali ya upande wa pili.

Adhabu kwa vyombo vya habari zilikuwa nyingi, na zina mpangilio wake. MwanaHALISI lilifungiwa Julai 2012. Mwananchi siku 14 na Mtanzania siku 90, Septemba 2013. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilifuta ile ya 1976, ikaleta leseni ya kila mwaka kwa magazeti. Mwaka 2017 peke yake yalifungiwa Mawio, MwanaHALISI, Raia Mwema na Tanzania Daima. Machi 2017 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliingia usiku katika studio za kituo cha Clouds akiwa na askari wenye silaha. Waziri wa Habari Nape Nnauye aliunda kamati kuchunguza, akapokea ripoti, na akaondolewa katika uwaziri. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki iliamua kwamba vifungu kadhaa vya sheria ya 2016 vinakiuka mkataba wa jumuiya. Februari 2022 Nape, akiwa waziri wa habari tena, alifungulia magazeti manne. La kushangaza zaidi lilikuwa la Agosti 2021: gazeti la Uhuru, la chama tawala chenyewe, lilifungiwa siku 14 kwa kuandika kwamba Rais Samia Suluhu Hassan hakusudii kugombea 2025. Kumbe hata kuelemea upande sahihi hakukuwa kinga.

Si kila adhabu ilikosa sababu. Aprili 2020 leseni ya mtandaoni ya Mwananchi ilisimamishwa miezi sita kwa kuchapisha picha ya Rais Magufuli akiwa katikati ya watu, wakati wa korona, ilhali picha ilikuwa ya zamani. Lilikuwa kosa la kweli, la aina ambayo kwa kawaida husahihishwa kwa kuomba radhi. Msomaji aliyeadhibiwa pamoja na gazeti ni yule aliyetegemea kusoma hapo habari za ugonjwa katika miezi hiyohiyo.

Mkoa wa Pwani una kisa chake, nacho ni kizito kuliko vyote vya kufungiwa. Kati ya 2015 na 2017 viongozi wa vijiji, wanachama wa CCM na polisi waliuawa mmoja baada ya mwingine na watu wasiojulikana katika wilaya za Kibiti, Mkuranga na Rufiji, kusini na mashariki mwa Kisarawe. Azory Gwanda, mwakilishi wa Mwananchi aliyeishi Kibiti, alikuwa miongoni mwa wachache walioandika mauaji hayo kutoka hukohuko. Asubuhi ya tarehe 21 Novemba 2017 aliondoka na watu waliomfuata kwa gari, na hajaonekana tena. Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufa, kisha akasema kauli yake haikueleweka vizuri. Baada ya Azory habari kutoka Kibiti zilipungua. Wananchi wa wilaya jirani walibaki na maelezo ya polisi, na maelezo ya abiria wa mabasi ya kusini, na hapakuwa na mtu wa tatu wa kuamua kati yao.

Hapo uvumi hupata ardhi yake. Pwani inaujua uvumi tangu zamani: enzi za ukoloni habari za mumiani, watu waliodaiwa kuvizia usiku na kunyonya damu za Waafrika kwa ajili ya dawa, zilienea Dar es Salaam na vitongoji vyake, na watu wa zimamoto ndio walioshukiwa sana. Hazikuwa kweli. Lakini zilisema jambo sahihi kuhusu waliozisambaza: hawakuwa na sababu ya kuamini kwamba serikali ile ingewaambia ukweli kuhusu miili yao.

Mfano mkubwa wa karne hii ni wa Machi 2021. Kwa karibu mwaka mzima kabla yake serikali haikuwa imetoa takwimu za korona. Hesabu ya mwisho kwa Tanzania Bara ilikuwa ya tarehe 29 Aprili 2020. Rais Magufuli alionekana hadharani mara ya mwisho tarehe 27 Februari 2021. Wiki zilizofuata simu zilijaa maneno: kalazwa, kapelekwa Nairobi, kafa. Magazeti ya ndani na redio vilikaa kimya au vikaonya dhidi ya uzushi. Tarehe 12 Machi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, akiwa msikitini Njombe, alisema rais ni mzima na anachapa kazi. Polisi walikamata watu waliosambaza habari za ugonjwa. Usiku wa tarehe 17 Machi, kupitia TBC, Makamu wa Rais Samia alitangaza kwamba Magufuli amefariki katika Hospitali ya Mzena. Si maneno yote ya mitandaoni yalikuwa kweli; mengi yalipingana. Lakini aliyefuata uvumi alikuwa karibu na ukweli kuliko aliyefuata taarifa rasmi, na somo hilo mtu hulipata mara moja tu maishani, hasahau.

Waliozipata redio za nje walisikiliza BBC, ambayo idhaa yake ya Kiswahili ilianza Juni 1957, au Sauti ya Ujerumani, au Sauti ya Amerika. Sifa ya idhaa hizi Afrika Mashariki ni kubwa, na kwa sehemu inastahili. Hata hivyo zote ni za dola, na dola zina mambo yake: Machi 2025 agizo la Rais Donald Trump lilinyamazisha Sauti ya Amerika ndani ya siku chache tu. Idhaa za nje huaminiwa kuhusu Tanzania kwa sababu haziogopi leseni ya Dar es Salaam. Kuhusu vita vya nchi zinazozilipa, msikilizaji mwerevu hurudi kwenye swali lake la kwanza.

Simu zimebadili mahali pa kuuliza. JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006, ilichapa nyaraka ambazo magazeti yaliogopa, na mwanzilishi wake, Maxence Melo, alikamatwa Desemba 2016 na kushtakiwa baada ya kukataa kuwataja watoa habari. Kwa upande wa pili, makundi ya WhatsApp hubeba mabango ya habari ya kughushi yenye nembo za vyombo vinavyojulikana. Mwananchi limelazimika mara nyingi kuchapisha mabango hayo tena likiyagonga muhuri wa kuyakana. Mghushi hajisumbui kuiga nembo isiyoaminiwa, kwa hiyo orodha ya nembo zinazoghushiwa ni kipimo cha imani kisichogharimu utafiti. NuktaFakti na JamiiCheck hufanya kazi ya kuhakiki, na huifanya vizuri, ila kanusho lao husafiri polepole kuliko uongo, na huishia kwa wenye bando.

Mwaka 2023 Sheria ya Huduma za Habari ilirekebishwa na baadhi ya makali yake kupunguzwa. Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari iliundwa mwaka 2024, mwenyekiti wake akiwa Tido Mhando yuleyule. Oktoba 2024 leseni ya mtandaoni ya Mwananchi ilisimamishwa siku 30 kwa sababu ya katuni jongevu iliyohusu watu waliotoweka. Septemba 2025 JamiiForums ilifungiwa siku 90. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchi nzima huku maandamano yakizuka Dar es Salaam na miji mingine, na ilirudi siku chache baadaye pamoja na ujumbe wa kuwaonya watu wasisambaze picha za kuleta taharuki. Redio zilikuwa hewani muda wote. Idadi ya waliokufa katika siku hizo ilibishaniwa tangu mwanzo kati ya serikali, upinzani na mashirika ya haki za binadamu, na vyombo vya ndani vilivyokuwa na waandishi mitaani havikuitoa.